Mali Bila Daftari

Mwanzoni mwa Julai 1942, msichana wa miaka 13 aliyeishi kwenye majengo ya uwanja wa Merwedeplein, kusini mwa Amsterdam, alimpelekea msichana jirani kopo la gololi. Pamoja na gololi alimpa seti ya vyombo vya chai na kitabu cha hadithi za kale za Kiholanzi. Jirani huyo alikuja kusimulia uzeeni kwamba mwenzake aliogopa gololi zisije zikaangukia mikononi mwa watu wasiofaa, akamwomba amtunzie kwa muda. Paka wa familia naye alibaki kwa majirani.

Msichana mwenye gololi alikuwa Anne Frank. Tarehe 6 Julai familia yake iliingia mafichoni, nyuma ya ofisi ya baba yake huko Prinsengracht. Walikaa humo miaka miwili pamoja na watu wengine wanne, wakakamatwa tarehe 4 Agosti 1944. Kati ya wale wanane alirudi mmoja tu, Otto Frank, baba yake Anne. Jirani alimwendea akamuuliza kama angependa kuchukua gololi za binti yake. Otto akamwambia abaki nazo. Zikakaa kabatini, ndani ya kopo lilelile, mpaka mwaka 2014 zilipowekwa kwenye maonyesho mjini Rotterdam.

Shajara ya Anne inajulikana dunia nzima, na mimi pia niliisoma nikiwa shuleni. Lakini kwa muda sasa kinachonijia akilini ni lile kopo. Nataka kuelewa ilikuwaje kitu kidogo namna ile kikakaa salama miaka 70, wakati katika mji huohuo, kwenye nyumba za watu waliojiona waungwana, sahani, mashuka na vijiko vya maelfu ya familia vilipotea bila mtu kuvunja mlango.

Kiswahili kina neno moja kwa ombi alilotoa Anne: niwekee. Ukimwambia mtu "weka", umezungumzia kitu tu. Ukisema "niwekee", na wewe umeingia ndani ya kitenzi, na kitu kitakapokuwa kimekaa kabatini mwake wewe utakuwa umo. Kitu kilichowekwa hivyo tunakiita amana, neno tulilolipata kwa Kiarabu pamoja na ndugu zake amani na imani. Watoto wa Kiislamu wa pwani hukua wakisimuliwa kwamba Mtume Muhammad alipohama Makka alimwacha Ali nyuma arudishe amana za watu, zikiwemo za wenyeji wa mji uleule uliokuwa ukimwinda. Katika kisa hicho anayekimbia ndiye aliyeshika mali ya wengine, na hakimbii nayo. Amsterdam mambo yalikuwa kinyume: waliokuwa wakiondoka ndio wenye mali, na waliobaki ndio walioshika.

Tunayo pia methali: mali bila daftari hupotea bila habari. Nilizoea kuichukua kama neno la mwisho kuhusu mambo ya kuwekeana. Andika, mpe mwenzako nakala, na mengine yatakaa sawa. Historia ya Uholanzi imenifanya nisite, kwa sababu katika historia hiyo waliokuwa na madaftari mazuri kuliko wote walikuwa wezi.

Ujerumani ya Kinazi iliivamia Uholanzi Mei 1940. Nchi hiyo ilikuwa na watu wapatao 140,000 waliohesabiwa kuwa Wayahudi, zaidi ya nusu yao wakiishi Amsterdam. Uporaji haukuanza kwa vurugu za mitaani. Ulikuja kwa amri zilizochapwa, zenye vifungu na tarehe. Agosti 1941 Wayahudi waliamriwa kupeleka fedha zao kwenye ofisi ya Lippmann, Rosenthal & Co. katika mtaa wa Sarphatistraat. Jina hilo lilikuwa la benki halisi ya Kiyahudi, ya zamani na yenye heshima. Ofisi ya Sarphatistraat ilifunguliwa na wavamizi wenyewe, wakalivaa jina hilo ili watu wasishtuke. Mei 1942 ikaja amri ya pili: sasa vito, dhahabu, vyombo vya fedha na kazi za sanaa navyo vipelekwe hukohuko. Kila mtu aliruhusiwa kubaki na pete yake ya ndoa, vipande vinne vya vijiko, uma na visu vya fedha, na meno ya dhahabu yaliyomo kinywani mwake. Mtu alikaa mezani akahesabu uma. Mambo yote yakaingia kwenye kadi na vitabu vya hesabu.

Julai 1942 treni za kwanza ziliondoka kambi ya Westerbork kwenda Auschwitz. Familia ilipochukuliwa, funguo za nyumba zilikabidhiwa polisi. Walikuja maofisa wa kuorodhesha vyombo, wakapita chumba kwa chumba wakiandika viti, taa, mazulia na masufuria. Baada yao yalikuja magari ya kampuni ya kuhamisha mizigo ya Abraham Puls, yakabeba kila kitu. Wenyeji waliyaona magari hayo mara nyingi kiasi kwamba jina la Puls likageuka kitenzi: nyumba iliyokombwa ilisemwa "imepulsiwa". Fanicha zilipakiwa kwenye matishari zikapelekwa Ujerumani, kwa familia ambazo nyumba zao zilikuwa zimepigwa mabomu. Kwa Uholanzi peke yake nyumba zilizokombwa hivyo zilikuwa takriban 29,000.

Aliyeona hayo yanakuja alikuwa na njia moja ya kuokoa chochote: kukipeleka kwa jirani kabla ya maofisa wa kuorodhesha kufika. Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Tangu Mei 1942 Wayahudi walilazimika kuvaa nyota ya njano kifuani. Kuanzia mwisho wa Juni walikatazwa kutoka nje kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kupanda tramu, kumiliki baiskeli, na hata kuingia nyumba za wasio Wayahudi. Kuhamisha fanicha bila kibali kulikuwa kosa. Familia ya Frank yenyewe ilitembea kwenda mafichoni ikiwa imevaa nguo juu ya nguo, kwa kuwa Myahudi mwenye sanduku mkononi angetiliwa shaka.

Kwa hiyo vitu viliondoka kidogo kidogo, sahani chache leo na mashuka kesho, ndani ya mfuko wa sokoni au chini ya koti. Mara nyingi jirani asiye Myahudi ndiye aliyekuja kuvichukua, maana yeye akipita na sanduku hakuna aliyemuuliza. Na kwa kawaida hakuna kilichoandikwa. Orodha yenye majina mawili ingekamatwa, ingekuwa ushahidi dhidi ya aliyetoa na aliyepokea. Daftari ambalo methali yetu inalidai lingeweza kuwapeleka wote wawili gerezani. Walibaki na maneno ya mdomo na kumbukumbu ya anwani.

Watu wa namna hiyo, walioshika mali za Wayahudi, walipewa jina la utani ambalo bado linajulikana Uholanzi: bewariërs. Limeunganishwa kutokana na bewaren, yaani kuweka au kutunza, na Ariër, neno la Wanazi kwa mtu wa "damu safi", Mwaria. Mtunzaji na Mwaria katika neno moja. Unaweza kulitamka kama mzaha, lakini vita vilipokwisha wengi walilitamka kwa uchungu.

Sidhani kwamba wengi wa watunzaji hao walipokea mali wakiwa na nia ya kuiba. Wapo waliokuwa hivyo, waliozunguka wakihimiza majirani wawape vitu vizuri kabla Mjerumani hajavichukua. Lakini kwa wengine nadhani mambo yalikwenda taratibu. Mwaka wa kwanza vikombe vimefungwa kwa magazeti na kuwekwa juu ya kabati. Ukiulizwa unajibu: nimewawekea watu. Mwaka wa pili shuka lako limechanika, na yale ya kwenye sanduku ni mazima, basi unatoa moja tu. Hakuna barua inayotoka huko walikopelekwa. Treni zinaondoka zimejaa na hakuna anayerudi. Sasa ukiulizwa unajibu: nimeweka. Yule "wa" aliyekuwa ndani ya kitenzi ametoka, na hakuna aliyesikia akitoka. Mwaka wa tatu mgeni anasifia vikombe vyako, nawe unasema asante.

Kisha ikaja njaa. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, magharibi mwa Uholanzi chakula kilikwisha. Watu takriban 20,000 walikufa. Wakazi wa Amsterdam walitembea mpaka mashambani wakiwa na mashuka, saa na vito, wakavibadilisha kwa viazi na ngano. Katika mtaa wa Wayahudi waliingia nyumba tupu wakang'oa milango, ngazi na mbao za sakafu wakafanya kuni, hadi nyumba nyingine zikaporomoka. Mwanamke aliyempa mkulima mashuka ya jirani yake ili watoto wake wale viazi, mimi siwezi kumhukumu. Mwenye mashuka angekuwepo, huenda angemwambia ayachukue. Angeweza hata kwenda naye.

Lakini njaa inaeleza mashuka yaliyoondoka. Haielezi vijiko vilivyobaki. Vita viliisha Mei 1945, mikate ikarudi madukani, na vitu vingi vilikuwa bado vipo, juu ya meza na ndani ya makabati ya watu wasiokuwa wenyewe. Ndipo waliobaki hai walipoanza kurudi.

Walikuwa wachache. Kati ya watu wapatao 107,000 waliosafirishwa kutoka Uholanzi walirudi kama 5,000, na maelfu wengine walitoka mafichoni humohumo nchini. Robo tatu ya Wayahudi wa Uholanzi walikuwa wameuawa, maana yake ni kwamba kwenye milango mingi hakuna aliyekuja kubisha. Na waliobisha walikutana na majibu ambayo yamesimuliwa mara nyingi mno kuwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Wajerumani walichukua kila kitu. Tuliuza, tulikuwa na njaa, nyinyi hamjui njaa tuliyopata. Samahani, unamtafuta nani? Wengine walikaribishwa ndani, wakapewa chai, na kikombe kilikuwa cha mama yao.

Aliyeliandika jambo hili vizuri kuliko wote ni Marga Minco, mwandishi wa Kiholanzi aliyefariki mwaka 2023 akiwa na miaka 103. Yeye ndiye peke yake aliyebaki katika familia ya wazazi wake. Mwaka 1957 alichapisha hadithi fupi, "Het adres", yaani "Anwani". Binti anakwenda baada ya vita kwenye anwani aliyoambiwa na mama yake, kwa mwanamke aliyekuwa akija nyumbani kwao na kuondoka na masanduku ya vitu vizuri ili "kuviokoa". Mwanamke anafungua mlango amevaa sweta ya kijani ya marehemu, na hamruhusu kuingia. Binti anarudi siku nyingine, anapokelewa na mtoto wa nyumba hiyo asiyejua lolote, na anajikuta ameketi katikati ya vitu vya kwao. Anaupapasa ukingo wa kitambaa cha meza akitafuta mahali palipoungua zamani, alama ambayo wa nyumbani tu ndio walioijua. Halafu anaondoka mikono mitupu, na anaamua kuisahau ile anwani.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika: kwa nini hachukui hata kijiko? Sasa nadhani namwelewa. Vitu vilikuwa vyake, lakini vilikuwa vimeishi maisha mengine. Miaka ile vililiwa, vililaliwa, vilifuliwa na kupigwa pasi na watu wengine, na yale matumizi yalikuwa yamekwisha kuamua kwamba mama yake hatarudi. Kudai kijiko kungekuwa kuomba kirudishwe kitu ambacho kilikuwa kimeondoka ndani ya kijiko.

Hapa ndipo methali ya daftari inaponisumbua zaidi. Baada ya vita, serikali ya Uholanzi iliifunga ile benki ya uporaji na kuanza kushughulikia madai. Kwa kuwa kadi na vitabu vilikuwepo, wenye akaunti au warithi wao walikuja kulipwa sehemu kubwa ya madai yao, ingawa ilichukua miaka. Basi aliyeporwa na adui kwa maandishi alikuwa na pa kuanzia. Aliyemwamini jirani hakuwa na kitu cha kumwonyesha hakimu, ila kusema kwamba kitambaa kile kina alama ya kuungua.

Na jiji nalo lilikuwa na daftari lake. Nyumba nyingi za Amsterdam zimejengwa juu ya ardhi ya jiji, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi hiyo. Wayahudi waliorudi kutoka kambini na mafichoni walitumiwa madai ya kodi ya miaka ambayo hawakuwepo, pamoja na faini ya kuchelewa kulipa. Nyumba zilikuwa zimekaliwa na watu wengine, baadhi yao washirika wa Wanazi, lakini jina kwenye kitabu lilikuwa la mwenye nyumba, na kitabu kilionyesha hajalipa. Barua hizo zilikaa kwenye kumbukumbu za jiji mpaka mwanafunzi mmoja aliyekuwa akifanya kazi huko akazikuta, na mwaka 2013 habari zikatoka magazetini. Mwaka 2016 jiji lilitenga yuro milioni kumi kwa ajili ya jumuiya ya Wayahudi. Katika madaftari ya jiji hakuna hesabu iliyokosewa. Makarani walijumlisha sawasawa. Walichokosa ni mtu mmoja wa kuinua kichwa na kuuliza mwenye jina hili alikuwa wapi mwaka 1943.

Kuna amana nyingine iliyotoka kwenye maficho yale ya Prinsengracht. Siku familia ya Frank ilipokamatwa, waliowapelekea chakula kwa siri, Miep Gies na Bep Voskuijl, waliokota sakafuni madaftari na karatasi za Anne kabla nyumba haijakombwa. Miep aliyatia kwenye droo ya meza yake ofisini. Hakuyasoma. Aliyaweka ili amrudishie mwenyewe, na habari za kifo cha Anne zilipothibitishwa mwaka 1945 aliyatoa yote akamkabidhi Otto. Alisema baadaye kwamba angeyasoma wakati wa vita angeyachoma, kwa jinsi yalivyokuwa na majina ya watu waliokuwa wakiwasaidia. Dunia imepata kitabu kile kwa sababu mwanamke mmoja alikuwa na droo iliyojaa maandishi ya msichana mwingine na kwa karibu mwaka mzima hakufungua ukurasa.

Miep mwenyewe alikuwa amewahi kukabidhiwa. Alizaliwa Vienna mwaka 1909, na mwaka 1920, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wazazi wake walimpeleka Uholanzi alelewe na familia nyingine kwa sababu kwao hakukuwa na chakula cha kutosha. Siwezi kusema hilo ndilo lililomfanya awe alivyokuwa. Nasema tu kwamba alijua tangu utotoni maana ya kuwekwa kwa watu.

Nikimlinganisha Miep na yule mwanamke wa hadithi ya Minco, sioni tofauti ya karatasi, maana wote wawili hawakuandikiana na mtu. Wala sioni kwamba mmoja alikuwa na matumaini zaidi. Katika mwaka wa 1944 dalili zote zilionyesha kwamba waliochukuliwa hawarudi. Tofauti ninayoiona ni ndogo na ya nyumbani kabisa. Mmoja alitumia, mwingine hakutumia. Kila mara sweta ya mtu inapovaliwa, kila mara ukurasa wa mtu unapofunguliwa, mwenyewe anasogezwa kidogo nje ya kitenzi. Hakuna hakimu anayeweza kuliona hilo likitokea, na daftari halina safu ya kuliandika.

Bado nitaendelea kuandika orodha nitakapomwachia mtu vitu vyangu, na ningekushauri nawe ufanye hivyo, maana wakati wa amani karatasi husaidia. Lakini watu wanaokimbia kwa kawaida hawana muda wa orodha. Wana dakika chache, mlango wa jirani, na neno moja.

Kuna jambo la mwisho kuhusu gololi. Otto aliposema zibaki, amana ile ilikwisha. Kuanzia dakika hiyo zilikuwa mali ya jirani kihalali, zawadi kutoka kwa baba, na hakuna ambaye angemlaumu kama angezigawa kwa watoto wa mtaani wazichezee mpaka ziishe. Aliziacha ndani ya kopo.